Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Asili ya methali hii ni uwanja wa ngoma: anayecheza mbele ya watu wa kwao hupata wa kumshangilia, wa kumfuta jasho na wa kumbandika noti kwenye paji la uso, ilhali mgeni, hata akicheza kwa ustadi, huachwa ajifute mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewasikia wazazi na walimu wakiitumia kuwaasa vijana wasikimbilie mbali. Ni methali nzuri na aghalabu ni ya kweli. Hata hivyo kila kanuni ina mtu wake wa kuisumbua, na kwangu mimi mtu huyo ni mwanakandanda Eusébio da Silva Ferreira, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo tunauita Maputo. Huyu alicheza ugenini, akatunzwa ugenini, na mwisho akalazwa katika jengo wanamolazwa marais na waandishi wakubwa wa nchi iliyokuwa ikiitawala nchi ya mama yake.

Jambo hili limenishughulisha kwa sababu ya picha yake iliyo ukutani sebuleni kwangu. Aliniletea mwanafunzi wangu wa zamani aliyepita Lisbon katika safari zake za kikazi, akiwa ameikunja ndani ya bomba la karatasi ngumu. Si fotografia. Ni mchoro uliochapwa kwa wino wa rangi tatu, nyekundu, nyeusi na manjano hafifu, juu ya karatasi nzito nyeupe. Eusébio anaonekana akikimbia na mpira kwapani, amevaa jezi nyekundu yenye nembo ya Ureno kifuani. Kando yake imechapwa kwa ukubwa tarakimu 13, namba aliyoivaa katika Kombe la Dunia la mwaka 1966. Chini kuna jina lake na mwaka huo, basi. Nyuma yake hakuna kitu: hakuna uwanja, hakuna watazamaji, hakuna hata mstari wa chaki.

Picha za namna hii huchapwa kwa njia ileile wanayoitumia mafundi wetu wanaochapa fulana za kampeni. Kitambaa chembamba hutandazwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, kisha wino husukumwa kwa kipande cha mpira upenye pale palipoachwa wazi. Kila rangi huhitaji fremu yake, na kila rangi inayoongezeka ni gharama na kazi zaidi. Kwa hiyo mchoraji hulazimika kuamua mapema kipi kibaki na kipi kitupwe. Hubakiza mwili wa mchezaji, jezi na tendo moja. Mengine yote huwa weupe wa karatasi.

Desturi ya kuwatukuza wachezaji kwa picha za kuchapwa si ngeni. Uingereza ilikuwa na kadi ndogo za wachezaji ndani ya pakiti za sigara tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1961 kampuni ya Panini ya mjini Modena, Italia, ilianza kuuza albamu ya kubandika picha za wachezaji, na mwaka 1970 ikatoa ya Kombe la Dunia. Mwaka 1977, mwaka ambao Pelé alistaafu, msanii wa Marekani Andy Warhol alimchapa kwa njia hiihii ya fremu na wino katika mfululizo wa picha za wanamichezo mashuhuri. Tangu hapo mchezaji aliyestaafu amepata mahali pake ukutani, karibu na watakatifu na viongozi wa nchi. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ninachosema ni kwamba picha ya kusifu haidanganyi kwa inachoonyesha. Inatupotosha kwa inachokiacha. Kazi ya mwalimu wa historia ni kuujaza ule weupe ulio nyuma ya mchezaji.

Hebu tuanze na Mafalala. Huu ni mtaa wa pembezoni mwa Lourenço Marques ya wakati ule, mtaa wa nyumba za mbao na mabati, ambako Waafrika waliishi nje ya mji wa saruji wa Wareno. Hapo ndipo alipokulia Eusébio. Baba yake alikuwa Mzungu kutoka Angola, mfanyakazi wa reli. Alifariki kwa pepopunda mtoto akiwa na umri wa miaka 8. Mama yake, Elisa, Mwafrika wa Msumbiji, akabaki kuwalea watoto. Mpira wa kwanza wa Eusébio ulikuwa wa soksi iliyojazwa magazeti, na uwanja wake ulikuwa mchanga, miguu pekupeku. Hadi hapa hadithi hii inaweza kuwa ya mtoto yeyote wa Magomeni au Kisauni.

Mtaa huohuo wa Mafalala ulikaliwa na watu wengine ambao historia imewaandika. Aliishi hapo mshairi Noémia de Sousa. Aliishi hapo pia muuguzi mmoja kijana aliyeitwa Samora Machel. Nawaomba wasomaji wazikumbuke njia mbili zilizotoka katika mtaa ule. Desemba 1960, Eusébio akiwa na miaka 18, alipandishwa ndege kwenda Lisbon kujiunga na klabu ya Benfica. Na kwa kuwa klabu ya Sporting nayo ilikuwa ikimgombea, watu wa Benfica walimpa jina la siri la kike, Ruth, ili mahasimu wasijue nani anasafiri. Mwaka 1963 Samora Machel naye aliondoka kwa siri, lakini yeye alikuja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama kilichoundwa mjini humo tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane. Mmoja alikwenda kwa mtawala, wa pili akaenda kumpinga mtawala.

Yafaa kueleza kwa nini Benfica iliweza kumchukua kijana wa Msumbiji. Kwa miaka mingi klabu hiyo ilijivunia kutosajili wageni. Ilichezesha Wareno watupu. Lakini tangu mwaka 1951 serikali ya Salazar ilikuwa imeacha kuyaita makoloni yake makoloni. Iliyaita majimbo ya ng'ambo. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Mafalala alikuwa Mreno alipotakiwa uwanjani, ingawa kwao hadi mwaka 1961 sheria iliwagawa watu kati ya raia na wenyeji, na Waafrika walio wengi wakawekwa katika fungu la wenyeji wasio na haki za raia. Mpira ulimfungulia mlango ambao jirani zake walifungiwa.

Na alipoingia hakurudisha nyuma mguu. Tarehe 2 Mei 1962, mjini Amsterdam, Benfica iliifunga Real Madrid ya Di Stéfano na Puskás mabao 5 kwa 3 katika fainali ya Kombe la Ulaya, na mawili kati ya hayo matano yalikuwa ya Eusébio, kijana wa miaka 20. Mwaka 1965 alipewa Mpira wa Dhahabu kama mchezaji bora wa Ulaya. Kabla ya kustaafu alikuwa ameifungia Ureno mabao 41 katika mechi 64.

Sasa tufike kwenye mwaka 1966 ulioandikwa chini ya picha. Wengi wanaojua mabao ya Eusébio katika mwaka huo hawajui kwamba ulikuwa mwaka ambao Afrika haikuwepo. Januari 1964 FIFA iliamua kwamba katika nafasi 16 za Kombe la Dunia, Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja zingegombea nafasi moja tu. Mshindi wa Afrika angelazimika kupambana tena na mshindi wa huko kwingine ndipo apate kuingia. Ulaya peke yake ilikuwa na nafasi 10. Ghana ya Kwame Nkrumah, ambayo ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika, ilisimama kidete kupinga. Na Ohene Djan, kiongozi wa michezo wa Ghana aliyekuwa pia katika kamati tendaji ya FIFA, aliiongoza hoja hiyo. Nchi za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa zote. Zilisema heri kukosa kuliko kukubali kuhesabiwa robo mtu.

Nafasi ile moja ikaangukia Korea Kaskazini, baada ya wengine kujitoa na baada ya kuifunga Australia mara mbili huko Phnom Penh, Novemba 1965. Wakorea wale wakaenda Uingereza wakaushangaza ulimwengu: waliitoa Italia kwa bao 1 kwa 0. Tarehe 23 Julai 1966, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, walikutana na Ureno katika robo fainali, na kabla ya dakika ya 26 walikuwa wanaongoza kwa mabao 3 kwa 0.

Hapo ndipo tendo lililo katika picha yangu lilipotokea. Eusébio alifunga dakika ya 27, akauokota mpira wavuni na kukimbia nao kuelekea katikati ya uwanja, kama mtu aliyechelewa shamba. Akafunga tena kwa penalti dakika ya 43, akafunga dakika ya 56, akafunga ya nne kwa penalti nyingine dakika ya 59. José Augusto akaongeza la tano. Ureno ikashinda 5 kwa 3.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangika. Nafasi ambayo Afrika iliikataa kwa sababu ya kudharauliwa ilichukuliwa na Korea Kaskazini. Na aliyeitoa Korea Kaskazini mashindanoni, kwa mabao 4 ndani ya dakika 33, alikuwa mzaliwa wa Afrika aliyevaa jezi ya nchi iliyoitawala Msumbiji. Mashindano yalipokwisha, mfungaji bora wa Kombe la Dunia ambalo halikuwa na hata timu moja ya Afrika alikuwa mtoto wa Mafalala, kwa mabao 9. Wala hakuwa peke yake. Nahodha wake Mário Coluna alizaliwa Msumbiji, na mabeki Hilário na Vicente walizaliwa Msumbiji pia. Ukiwatoa hao wanne, sijui ingebaki Ureno ya namna gani.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, nayo haikupata hadi miaka ya 1990, kwa hiyo Eusébio tulimjua kwa jina redioni kabla ya kuijua sura yake. Lilikuwa jina la kigeni lenye matamshi magumu, na hatukujua kwamba nchi ya kwao ni ile iliyo ng'ambo ya mto Ruvuma. Lakini habari za Ureno tulizijua. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilikuwa imeanza vita vya ukombozi huko Chai, Cabo Delgado. Wapiganaji wake walikuwa na kambi Kongwa, watoto wao walisoma katika shule ya Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, na wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma kuingia mikoa yetu ya kusini. Siku zilezile ambazo redio ilitaja mabao ya Ureno, ilitaja pia mapambano dhidi ya Wareno.

Serikali ya Lisbon ilijua thamani ya mchezaji huyu. Dunia ilipoiuliza kwa nini inang'ang'ania makoloni wakati wengine wanaondoka, ilijibu kwamba haina makoloni, ina taifa moja la watu wa rangi nyingi. Ushahidi gani ungekuwa mzuri kuliko Mwafrika anayelia kwa uchungu kwa sababu Ureno imefungwa? Na kweli alilia. Tarehe 26 Julai 1966, Wembley, Uingereza iliifunga Ureno 2 kwa 1 katika nusu fainali. Bao la Ureno alilifunga yeye kwa penalti, na picha zake akitoka uwanjani huku machozi yakimtoka zilienea duniani kote. Klabu za Italia zilipomtaka kwa fedha nyingi, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Salazar hakumruhusu kuondoka. Alikuwa hazina ya taifa. Neno hilo ni la sifa, ila tukumbuke kwamba hazina hufungiwa, na funguo hukaa kwa mwenyewe.

Nilipoalikwa kuzungumza na walimu wanafunzi katika chuo cha ualimu nilikowahi kufundisha, niliichukua picha hii nikaitundika ubaoni. Somo lilikuwa namna ya kutumia picha kama chanzo cha historia. Nilidhani tungezungumza nusu saa. Tulizungumza hadi kengele ya chakula. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, bao ni bao. Mpira hauna bendera, na huyu ni fahari ya Mwafrika popote alipo." Darasa likapiga makofi. Ndipo akasimama binti mmoja kutoka Masasi. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu alivuka Ruvuma usiku akiwa na mama yangu mgongoni. Nembo hii iliyo kifuani ni ya nchi iliyowafukuza. Bibi angeiona picha hii sebuleni kwako, asingekaa." Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyecheka.

Nilimjibu kwa heshima, na jibu langu bado ni lilelile. Kijana wa miaka 18, mtoto wa mjane, hakuchagua jezi. Katika nchi yake hapakuwa na jezi nyingine ya taifa ya kuvaa. Ile ya Msumbiji ilisubiri hadi uhuru, tarehe 25 Juni 1975. Kumwita msaliti ni kumdai kijana wa mwaka 1960 jibu la swali ambalo wakubwa wake ndio kwanza walikuwa wanaanza kulitamka. Lakini vilevile sikubaliani na kauli kwamba mpira hauna bendera. Mpira una bendera, nyimbo za taifa na mawaziri wanaopiga picha na washindi. Wanaotuambia hauna bendera mara nyingi ni wale ambao bendera yao ndiyo inayopepea.

Hivyo basi ninatenganisha vitu viwili ambavyo wino wa mchapaji umeviunganisha. Jezi ilikuwa ya Ureno. Mabao yalikuwa yake. Mguu ule wa kulia ulifunzwa na mchanga wa Mafalala kabla ya kocha yeyote wa Lisbon kuuona. Na yale mabao, hata kama Salazar aliyatumia kwa hoja yake, yalikuwa pia jibu kwa FIFA. Viongozi wa Afrika walidai kwamba bara hili linastahili nafasi yake. Eusébio, bila kutumwa na yeyote, alionyesha kwa mguu kile walichokidai kwa barua. Ushindi wa nafasi ile uliletwa na waliosusa, hilo lisisahauliwe: kuanzia Kombe la mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda Mexico. Lakini nani tena angeweza kusema kwa uso mkavu kwamba Waafrika hawajafikia kiwango, baada ya mfungaji bora wa mwaka 1966?

Kuna mtu mwingine ambaye picha yangu imemwacha katika weupe, naye ni Mário Coluna. Inasimuliwa kwamba mama Elisa alimwandikia barua akimwomba amtazame mwanawe huko ugenini, na Coluna akamlea kama mdogo wake. Msumbiji ilipopata uhuru, Coluna alirudi kwao na kuongoza shirikisho la soka la nchi yake. Eusébio alibaki Lisbon. Benfica ilimwekea sanamu nje ya uwanja wake mwaka 1992, siku alipotimiza miaka 50. Alifariki tarehe 5 Januari 2014. Ureno ikatangaza siku 3 za maombolezo, mashabiki wakaifunika ile sanamu kwa skafu na maua, na Julai 2015 mwili wake ukahamishiwa katika jengo la mashujaa wa taifa, mwanasoka wa kwanza kulazwa humo. Coluna alimfuata baada ya wiki 7, tarehe 25 Februari 2014, akiwa Maputo. Wote wawili walicheza ugenini. Mmoja alitunzwa huko, mwingine alirudi kutunza kwao. Nimetafuta sana picha iliyochapwa ya Coluna niiweke kando ya ile ya Eusébio, na sijaipata bado.

Siku ile chuoni niliwapa walimu wanafunzi kazi ya mwisho: waandike maelezo ya kuweka chini ya picha, yasiyozidi maneno 25, ambayo mtoto wa darasa la sita angeyaelewa. Wengi waliandika sifa. Nilichagua ya yule kijana aliyesema bao ni bao, kwa kuwa alikuwa ameyafikiri upya: "Eusébio, mzaliwa wa Mafalala, Msumbiji, akiwa na jezi ya Ureno, mwaka ambao Afrika ilisusa Kombe la Dunia." Nikampa chaki yule binti wa Masasi, nikamwuliza kama ana la kuongeza au kufuta. Aliitazama sentensi kwa muda. Hakufuta neno. Aliongeza tu: "Kwao kulikuwa na vita." Maelezo hayo niliyanakili kwa mkono wangu kwenye karatasi, na sasa yamebandikwa chini ya picha, palipokuwa peupe.